Barua za Mpangaji Aliyehama

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda, kazi ya kwanza ya Pini ilikuwa kuokota pini. Alichukua sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu, akaiburuta sakafuni kuanzia mlangoni hadi chini ya meza ya kukatia, na pini zilizodondoka jana yake zikairukia na kuing'ang'ania. Alizihesabu huku akizirudisha koponi. Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini mtaani hakuna aliyelijua.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana ya mama yake, fundi wa nguo. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, pasi nzito, meza ndefu, na ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, ambayo mama aliinunua baada ya kuweka akiba miaka minne. Chumba cha nyuma walilala. Baba alikwishafariki, kwa hiyo chakula, kodi na ada vyote vilitoka chumba cha mbele. Muhula huo mama alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mashati mia moja na ishirini ya sare za shule. Tarehe ya kuyakabidhi ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani.

Barua ya kwanza waliikuta imesukumwa chini ya mlango. Ilikuwa bahasha ya kaki yenye mhuri mwekundu, na juu yake jina refu la mwanamume wasiyemjua. Pini aliinua kona ya bahasha kwa ukucha.

"We!" mama alimkemea. "Barua ya mtu haifunguliwi. Huyo labda ni mpangaji aliyekuwa hapa kabla yetu. Wakileta nyingine, waambie hayupo hapa." Akaiweka juu ya kabati, akarudi kwenye mashati yake.

Nyingine ilikuja baada ya wiki mbili. Pini alikuwa amerudi kula chakula cha mchana, na mama alikuwa ameenda kununua vifungo. Tarishi alisimamisha pikipiki mlangoni, kofia ngumu ameisukuma hadi kisogoni, jasho likimtiririka.

"Hodi hapa! Barua."

Pini alisoma jina. "Huyu mtu hayupo hapa," alisema, kama alivyoagizwa.

Tarishi alishusha pumzi. "Mwanangu, mimi nalipwa kwa sahihi. Barua ikirudi, safari yangu ni bure, na mafuta nimeweka kwa pesa yangu mwenyewe. Nisaidie." Akafungua daftari kubwa, akaweka kidole kwenye mstari. "Andika hapa jina lililo kwenye bahasha. Tumemaliza."

"Niandike jina la mtu?"

"Jina ni wino tu. Nani atakuja kulisoma?"

Pini alimwonea huruma. Tena alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Mwalimu alimtuma yeye kuandika orodha za zamu. Aliandika majina yote matatu bila kukosea herufi.

"Lo!" tarishi alisema. "Kama umechapa kwa mashine!" Akawasha pikipiki, akaenda zake.

Pini aliitia bahasha katikati ya gunia la vipande vya vitambaa. Mama aliporudi hakuuliza kama kuna aliyekuja, na Pini hakusema. Ilikuwa rahisi hivyo.

Mara ya pili tarishi hakueleza chochote. Alifungua daftari tu na kuonyesha mstari. Mara ya tatu Pini alitoka na kalamu yake mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na mwanafunzi mwenzake waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Kumbe una kazi!" Redio alicheka. "Bosi wa barua! Mshahara lini?"

"Namsaidia tu, maskini."

"Sawa, bosi. Na siku huyo mwenye jina akitokea, utamwambiaje? Kwamba wewe ndiye yeye?"

Wakacheka wote wawili. Baada ya hapo Pini alisaini mara mbili zaidi. Zikawa sahihi tano, na gunia likawa na bahasha tano.

Jumamosi moja asubuhi, mashati themanini yakiwa yameshakamilika, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka mwanamume mwembamba aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, jalada kwapani. Alikuwa dalali wa mahakama. Nyuma yake walishuka vijana wawili wenye kamba.

Dalali alilitaja lile jina refu. "Yuko wapi?"

"Simjui," mama alisema. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio. "Hakai hapa."

"Mama, kila nyumba ninayoingia mdaiwa hajulikani. Ningekuwa naamini, ningekuwa nimeshakufa njaa." Alifungua jalada, akatoa nakala za kurasa za daftari. "Hizi ni barua tano alizopokea kwenye mlango huu. Hizi ni sahihi zake. Alitakiwa kufika mahakamani, hakufika. Hukumu ikatoka. Mali yake ya kwanza imeuzwa, haikutosha. Sasa tunachukua vilivyomo ndani."

"Vilivyomo ndani ni vyangu!"

"Hilo utalisema mahakamani. Una siku kumi na nne. Ya kumi na tano vinapigwa mnada." Akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti. "Cherehani ya kukanyaga, moja. Ovaloki, moja. Pasi, moja. Meza ndefu, moja."

"Meza hiyo ni yangu, iacheni!" ilisikika sauti ya mwenye nyumba, aliyekuwa akivuka ua mbiombio, rundo la funguo likigonga kiunoni. Watu wa mtaa walimwita Mama Funguo. "Nyie mkiona mbao tu mnabeba? Hata mlango mtang'oa?"

Watu waliokusanyika walicheka. Dalali aliifuta meza kwenye orodha. Vilivyobaki vilifungwa kamba na kupakiwa.

Pini alikuwa amesimama kando ya mlango. Dalali alikuwa amempa mama zile nakala, nazo zilikuwa kimo cha macho ya Pini. Aliuona mwandiko wake, mistari mitano iliyonyooka. Kulikuwa na muda wa kusema: vijana walichukua karibu nusu saa kuifunga ovaloki isiyumbe. Hakusema.

Jumatatu mama alikwenda mahakamani na mkataba wa nyumba pamoja na stakabadhi zote za kodi. Aliporudi alikaa kwenye kigoda mahali palipokuwa cherehani, ambapo sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake.

"Karani ameniuliza mume wangu ni nani," alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Nikamwambia nilishamzika. Akaniuliza, na huyu je, anayesaini mlangoni kwako? Nikasema simjui. Akasema, 'Mama, sikuiti mwongo. Lakini nitampelekea hakimu kilichoandikwa. Wengi wanakuja hapa na mkataba wenye jina la mke, kumbe mume yuko nyuma ya pazia.'" Akaziweka stakabadhi magotini. "Mbele ya watu, Pini. Watu wamejaa kwenye benchi wananitazama."

Siku mbili zilizofuata, wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Mama aliwarudishia vikiwa vimekunjwa vizuri. Usiku na mchana alishona vifungo na pindo kwa mkono, lakini mashati arobaini hayashonwi kwa mkono. Jumatano shule ilituma mtu kuchukua yaliyokuwa tayari. Yaliyobaki yalipelekwa kwa fundi mwingine. Tarehe ikabaki ukutani bila kazi.

Shuleni Redio hakuzimika. "Wamebebewa mpaka pasi!" aliwaambia wenzao. Kisha akamsogelea Pini na kushusha sauti kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Zile barua... ndizo hizi?"

"Nyamaza," Pini alisema.

"Mimi nitanyamaza. Wewe je, utanyamaza mpaka lini?"

Alhamisi mchana Pini alipokaribia nyumbani alisikia makelele uani. Mama na Mama Funguo walikuwa wamesimama uso kwa uso.

"Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?" mama alikuwa akisema. "Nani alimjua huyo mtu? Ni wewe! Ulikuwa unampokelea barua zake mlangoni kwangu, umeniponza!"

"Mimi? Mimi nisaini jina la mwanamume? Mimi hata langu naweka dole gumba!" Mama Funguo alijibu. "Mtoto wa watu, nimekuvumilia mwezi na nusu hujalipa, ukaniambia subiri mashati, nikasubiri. Leo mimi ni mwizi? Basi mwisho wa mwezi nataka vyumba vyangu!"

Akageuka, akaingia kwake na kubamiza mlango.

Mama aliingia ndani, akakaa kwenye kigoda. Pini alilivuta gunia kutoka pembeni, akaliinamisha. Vipande vya vitambaa vilimwagika sakafuni, na kati yake bahasha tano za kaki.

"Ni mimi, mama."

"Wewe nini?"

"Niliyesaini."

Mama aliokota bahasha moja, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye gundi. Akaokota nyingine, mpaka zikaisha.

"Ulizifungua?"

"Hapana. Ulisema barua ya mtu haifunguliwi."

Mama alicheka mara moja, kicheko kisicho na furaha. "Hilo ulilishika. Na lile la kusema hayupo?"

"Nilisema. Akasema analipwa kwa sahihi, barua ikirudi anapata hasara. Nikamwonea huruma."

"Mara ngapi?"

"Tano."

"Na walipokuwa wanabeba ovaloki, nani ulimwonea huruma?"

Pini alianza kuokota vipande vya vitambaa.

"Kusaini ni utoto," mama alisema. "Mtu mzima kakudanganya, nawe umedanganyika. Lakini kunyamaza siku zote hizi, mpaka nimemtukana mwenzangu aliyenivumilia, huo si utoto. Huo ni uamuzi. Ulikuwa unaufanya kila asubuhi ukiamka." Akasimama. "Vaa viatu."

Walianzia ng'ambo ya ua. Mama aliomba radhi kwanza yeye mwenyewe, kichwa chini, kisha akamsukuma Pini mbele. Mama Funguo aliwasikiliza bila kuwakaribisha kiti.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe, "na wewe fundi wa nguo hukukiona!" Hakuna aliyecheka, hata yeye. Kisha sauti ikapoa. "Vyumba kaeni. Ila mngeniuliza mapema. Yule mpangaji ni mwashi, alihama kufuata kazi za ujenzi mbali huko. Namba ya dada yake ninayo kwenye simu mpaka leo. Si wewe, si tarishi, si huyo dalali, hakuna aliyeniuliza."

Kesho yake Pini hakwenda shule; alikwenda mahakamani na mama. Karani wa mahakama alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, meza yake haina hata karatasi iliyokaa upande. Alisikiliza maelezo yote bila kumkatiza mtu. Kisha akampa Pini karatasi tupu na kalamu.

"Andika lile jina. Mara tano, mistari mitano."

Pini aliandika. Mwandiko ulikuwa uleule. Karani aliweka karatasi kando ya nakala za daftari, akatazama kwa muda mrefu. Akazipokea bahasha na kuzikagua moja moja. "Hazijafunguliwa," alisema, akaliandika hilo. "Hizi zinaonyesha kwamba mwenyewe hakuwahi kuzisoma."

Kisha akamgeukia mama. "Na wewe, mama. Hizi tano zilifichwa. Lakini ya kwanza kabisa uliiona. Uliifanyia nini?"

"Niliiweka juu ya kabati."

"Ungeirudisha ilikotoka ukaandika juu yake kwamba huyu amehama, tusingefika hapa. Anwani ya ofisi imechapwa nyuma ya bahasha."

Mama alitazama meza. "Ni kweli," alisema.

Jumatano iliyofuata hakimu alisikiliza pingamizi la mama. Tarishi aliitwa. Alisimama wima, akasema kwamba barua zote zilipokelewa na mwanamume mtu mzima.

"Ana sura gani?" hakimu aliuliza.

"Mrefu, mheshimiwa. Ana ndevu."

Karani alisogeza mbele ile karatasi ya mistari mitano. "Mheshimiwa, mwandiko wenye ndevu ni huu hapa. Na mwenye mwandiko ni yule, wa darasa la sita."

Pini aliitwa asimame. Aliulizwa maswali saba na akayajibu yote. Alipoulizwa kwa nini hakusema siku mali inachukuliwa, alisema, "Niliogopa." Hakimu aliliandika neno hilo kama alivyoandika mengine. Kisha akaamuru vitu virudishwe kwa mwenyewe, tarishi achukuliwe hatua, na kesi ya deni isikilizwe upya, mdaiwa akiwepo.

Cherehani, ovaloki na pasi zilirudi Ijumaa, siku moja kabla ya mnada. Ovaloki ilikuwa imeanguka ghalani, mkono wake umevunjika. Fundi mashine alidai pesa iliyokaribia nusu ya malipo ya yale mashati themanini. Mama alilipa, kwa kuwa bila ovaloki hakuna kazi. Mashati arobaini hayakurudi, na muhula uliofuata shule haikumwita tena.

Mwezi mmoja baadaye mama na Pini waliitwa kutoa ushahidi katika kesi iliyofunguliwa upya. Kwenye korido ya mahakama alikuwa ameketi mwanamume mfupi mwenye viganja vilivyopasuka kwa saruji, mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi magotini. Dada yake alikuwa amepigiwa simu, na mwashi mwenyewe akasafiri siku nzima kuja. Karani alimwonyesha Pini mtu huyo kwa kidole.

Pini alimwendea. "Shikamoo."

"Marahaba." Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Kumbe wewe ndiye mimi."

Pini alimtazama mama ili amsaidie. Mama hakusogea.

"Nilikopa kumtibu baba yangu," mwashi alisema, si kwa hasira. "Nikalipa zaidi ya nusu. Karatasi hizi hapa, kila mwezi na yake. Halafu mtu wa kukusanya malipo akabadilishwa, na aliyekuja akasema sijalipa kitu. Wakaandika barua nije nijitetee ndani ya siku ishirini na moja. Siku hizo zilianza kuhesabiwa siku uliyosaini ya kwanza. Mimi niko mbali napanga matofali, sijui lolote. Wakauza kiwanja changu. Nilikinunua kwa miaka tisa."

"Si kesi inaanza upya?" Pini alisema kwa sauti ndogo.

"Inaanza. Huenda wakaona deni lilikuwa dogo. Lakini kiwanja kina msingi wa mtu mwingine. Ameshamwaga zege. Mimi ni mwashi, najua zege likishamwagwa."

"Naomba unisamehe, mzee. Nilikuwa namsaidia tarishi."

Mwashi alizirudisha karatasi mfukoni. "Nimesikia," alisema. "Ila neno hilo la kumsaidia usilitumie tena. Ukimsaidia mtu kwa uongo, gharama haipotei. Anailipa mwingine, na mara nyingi ni mtu usiyemwona."

Mlango ulifunguliwa, karani akaita jina refu la maneno matatu. Mwashi aliinuka, akakusanya mfuko wake, akaingia.

Pini na mama walibaki kwenye benchi wakisubiri zamu yao. Pini alikuwa akilia bila sauti. Mama alimpa kitambaa, lakini hakumwambia yaishe.

"Nisikilize, kwa sababu leo utaelewa zaidi kuliko siku nyingine," alisema. "Barua isiyo yako haifunguliwi, haisainiwi, haifichwi, wala haiwekwi juu ya kabati kama nilivyofanya mimi. Inarudishwa, na aliyeileta anaambiwa ukweli hata akinung'unika. Na jina la mtu huliandiki mahali ambapo mwenyewe hayupo. Hilo moja."

"La pili?"

"La pili, ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Ulichelewa siku sita, mashine zikaponea chupuchupu. Yule bwana ulimchelewea miezi minne."

Karani akatoa kichwa mlangoni na kuwaita. Pini alifuta uso, akatangulia kuingia.